Gari la zamani linachemsha kwenye foleni: je, ni lazima hedi ifunguliwe?

*"Nina gari la petroli lililotimiza zaidi ya miaka ishirini. Kwa miezi kadhaa sasa mshale wa joto unapanda nikikaa kwenye foleni, na nikipata barabara iliyo wazi unashuka. Siku hizi unashuka mpaka karibu na alama ya baridi. Fundi wa kwanza alitoa themostati akasema magari ya zamani hayaihitaji. Wa pili aliangalia kwa macho tu, akasema gasketi ya hedi imeungua na ni lazima injini ifunguliwe. Kila asubuhi naongeza maji kidogo kwenye rejeta, lakini sioni tone lolote chini ya gari. Oili ni safi na moshi ni wa kawaida. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuendelea kuliendesha wakati natafuta fedha za kufungua hedi?"*

Ndugu msomaji, swali lako limebeba matatizo mawili ambayo mafundi wako wameyafanya kuwa moja: gari linachemsha, na gari linapoteza maji. Huenda chanzo ni kimoja, huenda ni viwili, na kazi ya kwanza ni kuyatenganisha kabla ya kukunjua spana. Kwa maelezo uliyotoa, nisingefungua hedi sasa, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu. Ningerudisha themostati, ningebadilisha kifuniko cha rejeta, ningepima feni, na baada ya hapo ndipo ningeipima gasketi, ile karatasi ya kuziba iliyo kati ya hedi na bloku ya injini, kwa vipimo vyake halisi. Mpaka hayo yafanyike, epuka foleni kabisa, kwa sababu hedi ya aluminiamu iliyo nzima leo inaweza kupinda kwa safari moja tu ya kulazimisha.

Dalili kubwa uliyonayo ni ile ya wakati. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Takriban theluthi hutoka na moshi, na kiasi kinachokaribiana na hicho huchukuliwa na maji na kupelekwa kwenye rejeta. Rejeta nayo haipozi chochote bila upepo. Gari likiwa kwenye mwendo mzuri, upepo huingia wenyewe kupitia grili na feni haina kazi kubwa. Gari likisimama, upepo wote unaopita kwenye rejeta ni ule unaovutwa na feni. Kwa hiyo gari linalopata joto likisimama na kupoa likitembea linalalamikia upepo: feni, kava lake, au mapezi ya rejeta yaliyoziba kwa nje. Rejeta iliyoziba kwa ndani kwa kutu na magadi huonyesha sura tofauti. Hiyo huchemsha zaidi kwenye mwendo wa kasi na kwenye mlima, pale injini inapozalisha joto jingi kuliko mirija michache iliyobaki wazi inavyoweza kulipokea. Gasketi iliyoungua nayo mara nyingi haichagui foleni, na huzidi injini ikibebeshwa mzigo. Sisemi kwamba gasketi yako ni nzima. Ninasema kwamba ushahidi uliopo hauelekezi huko kwanza.

Sasa tuje kwenye themostati, kwa sababu dhana kwamba gari la zamani haliihitaji imeenea sana na inaharibu injini nyingi polepole. Themostati ni vali yenye kidonge cha nta ndani yake. Nta hiyo ikipata joto hutanuka na kusukuma kipini, vali ikafunguka. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi na kufunguka kabisa karibu na 95. Inapokuwa imefungwa, maji huzunguka ndani ya injini peke yake mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Fundi anayeitoa huwa na sababu inayoeleweka: themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha gari ndani ya dakika chache, na kuitoa humaliza tatizo hilo papo hapo. Lakini dawa ya themostati iliyokwama ni themostati mpya, ambayo ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa kwenye mfumo huu.

Bila themostati, gari lako hukimbia likiwa na injini baridi, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini mshale unashuka karibu na alama ya baridi kwenye barabara wazi. Kama injini ina mfumo wa kompyuta wa kupulizia mafuta, kompyuta itaamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, itaendelea kuongeza petroli, na mafuta yasiyoungua yatateremka kwenye kuta za silinda na kuichafua oili. Lipo pia jambo ambalo mafundi wengi hawalizingatii. Kwenye injini nyingi kuna njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na themostati ikifunguka, sahani ya pili iliyo chini yake huiziba njia hiyo. Ukiitoa themostati, njia ya pembeni hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto hurudi ndani ya injini ikiwa haijapozwa. Hivyo kuitoa kunaweza kabisa kukuzidishia joto kwenye foleni, mahali ambapo ulitaka nafuu. Utasikia pia wengine wakisema kwamba bila themostati maji hupita kwenye rejeta kwa kasi mno hata hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo si sahihi; maji hayo hayo hurudi tena na tena, na kasi yenyewe haiyazuii kutoa joto. Kosa liko kwenye njia ya pembeni.

Kabla ya kuweka themostati mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko ikiwa imening'inizwa kwa uzi ili isiguse chini. Utaiona imefunga kimya, kisha maji yanapokaribia kuchemka sahani itaanza kujitenga na kiti chake taratibu mpaka uwazi uwe wa kutosha kupitisha ncha ya kidole. Isipofunguka, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, hakikisha upande wenye springi na kidonge unaelekea kwenye injini, na kama ina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kitundu hicho kikae juu ili hewa ipate pa kutokea.

Kuhusu maji yanayopotea bila tone kuonekana, mshukiwa wangu wa kwanza ni kifuniko cha rejeta. Watu hukichukulia kama kizibo cha chupa, lakini kifuniko hiki ni vali mbili ndani ya kitu kimoja. Vali kubwa yenye springi hushikilia mgandamizo, kwa kawaida takriban baa 0.9 hadi 1.1, na namba hiyo huwa imeandikwa juu ya kifuniko chenyewe. Kwa mgandamizo wa baa 1 hivi, maji matupu hayachemki kwenye nyuzi 100 tena, huchemka karibu na 120. Na mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, yaani dawa maalumu ya kupozea injini, hukaribia 130. Kifuniko kilicholegea hukunyang'anya nafasi hiyo yote. Injini inayofanya kazi kwa joto la kawaida kabisa inaweza kuanza kuchemsha kwa sababu tu mpira wa kifuniko umekauka. Vali ya pili, ile ndogo ya katikati, hufanya kazi gari likipoa: huruhusu maji yaliyotanuka na kwenda kwenye tangi la akiba yavutwe kurudi kwenye rejeta. Ikikwama, maji huenda lakini hayarudi.

Hapo unaweza kujipima mwenyewe bila kifaa. Asubuhi kabla ya kuwasha, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi la akiba penye usawa wa maji, kisha fungua rejeta uangalie. Kama rejeta imepungua na tangi limejaa au limepanda kupita alama ya jana, kifuniko kimeshindwa kurudisha maji, au mpira mwembamba unaokwenda kwenye tangi umepasuka na unavuta hewa. Kama vyote viwili vimepungua, maji yanatoka nje ya mfumo, na tutayatafuta. Pima pia unachoongeza. Nusu kikombe kwa wiki na lita moja kila siku ni habari mbili tofauti, na fundi yeyote makini atakuuliza hilo kabla hajafungua boneti.

Maji yanaweza kutoka bila kudondoka chini. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake, kilichowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Mara nyingi maji hayo hukauka juu ya injini ya moto na kuacha mchirizi mweupe au wenye rangi ya kulanti. Rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi nayo huvuja ndani ya gari: gusa zulia upande wa abiria, na uangalie kama kioo cha mbele hufanya ukungu wenye harufu tamu. Njia ya uhakika ni kupima mgandamizo. Fundi hufunga pampu ndogo ya mkono mahali pa kifuniko wakati injini ni baridi, anapandisha mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kisha mnaacha kwa robo saa. Mshale wa pampu ukibaki pale pale, mfumo hauvuji kwa nje. Ukishuka, mnafuata unyevu kwa tochi. Kipimo hiki hakihitaji kufungua hata boliti moja, na fundi wako wa pili alipaswa kukifanya kabla ya kutaja hedi.

Kwenye feni, anza na kuiangalia tu. Kama ni ya umeme, washa gari, liache lingurume huku limesimama, na usubiri mshale upande kidogo kupita kawaida. Feni isipowaka, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi feni moja au zote mbili huwaka mara moja. Ikiwaka kwa kiyoyozi lakini haiwaki kwa joto, kosa limebaki kwenye swichi ya joto au waya zake. Isipowaka kwa lolote, kagua fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), kisha upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota ili ujue kama mota yenyewe ipo hai. Mota za zamani zina tabia moja ya kuudhi: huzunguka, lakini kivivu, kwa sababu kaboni zimekwisha, na mwenye gari akiona inazunguka huridhika. Chukua karatasi moja ya daftari, uiweke mbele ya grili feni ikiwa inafanya kazi. Feni nzuri itaivuta na kuishikilia pale bila mkono wako. Ikianguka, feni haina nguvu, au kuna kitu kinazuia upepo. Ikisukumwa kuelekea kwako, mtu aligeuza waya za mota na feni inapuliza kwenda mbele. Hilo hutokea baada ya matengenezo kuliko unavyodhani. Epusha vidole, mikono ya shati na vitambaa na mapanga ya feni, na ukumbuke kwamba feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata baada ya kuzima injini.

Kama feni yako inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa kabisa na bado ni ya moto. Inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka yenyewe raundi nyingi, au ukiona alama ya mafuta yaliyotapakaa kutoka katikati ya klachi, mafuta yale yameisha na feni inateleza.

Angalia pia kama kava la plastiki linaloizunguka feni lipo. Magari mengi ya umri huu yameshagongwa na kunyooshwa, na kava ndicho kitu ambacho huachwa gereji pembeni ya ukuta. Bila kava, feni huzungusha upepo ule ule uliokwisha kupata moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta nzima. Halafu mulika tochi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi. Vumbi, nyasi na mabawa ya wadudu hujikusanya hapo katikati ambapo hapaonekani kwa mbele. Osha kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mapezi yakibomoka kama unga unapoyagusa, rejeta imefika mwisho wake.

Yote hayo yakiwa sawa na maji bado yanapotea, sasa ndiyo zamu ya gasketi ya hedi, na nayo ina vipimo vyake. Gasketi iliyofunguka kati ya silinda na njia ya maji huruhusu moshi wa mlipuko kuingia kwenye maji. Washa injini baridi kifuniko kikiwa wazi: mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu, lakini mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni ishara mbaya. Vivyo hivyo mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili tangu injini iwashwe asubuhi, kabla maji hayajapata joto la kutosha kutanuka. Kipimo kizuri zaidi ni cha kimiminika cha rangi ya buluu kinachowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya rejeta ikipitishwa humo na ikawa na gesi ya moshi, rangi hugeuka kuwa njano. Fungua plagi pia. Plagi moja iliyo safi kupita kiasi, kama iliyooshwa kwa mvuke, huonyesha silinda inayopokea maji.

Umesema oili ni safi na moshi ni wa kawaida, na hizo ni habari njema, ingawa hazitoshi kuiondolea gasketi lawama, kwa kuwa inaweza kuungua sehemu ambayo haigusani na oili kabisa. Kinyume chake pia ni kweli: utelezi wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, kwenye gari linalofanya safari fupi tu, mara nyingi ni mvuke uliogandia hapo. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuhukumu.

Ikithibitika kwamba gasketi imekwenda, utakuwa na njia tatu. Dawa za kumimina kwenye rejeta zinazodai kuziba gasketi huweza kupunguza uvujaji mdogo kwa muda, lakini huziba pia mirija ya rejeta na ya hita. Mimi ningezitumia tu kwa gari ambalo tayari nimeamua kuachana nalo. Kufungua hedi ndiyo kazi yenyewe, mradi ifanywe kikamilifu: hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kwa kuwa injini nyingi haziruhusu mpindo unaozidi milimita 0.05 hadi 0.1, ipimwe nyufa kwa mgandamizo, isawazishwe kwenye mashine ikihitajika, na boliti zikazwe kwa awamu kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana inayopima nguvu, kwa vipimo vya mtengenezaji. Boliti za aina inayorefuka zikikazwa hazitumiwi tena. Fundi anayetaka kubadilisha gasketi bila kuipeleka hedi kupimwa anakuandalia safari ya pili. Na kama injini yako hutumia mkanda wa taimingi, utakuwa umeshafunguliwa, kwa hiyo badilisha na huo pamoja na pampu ya maji. Njia ya tatu, injini iliyotumika, huwa na maana pale ambapo hedi imepasuka au bloku imeharibika, lakini unanunua historia usiyoijua, na ningeomba ipimwe mgandamizo wa silinda mbele yangu kabla ya kulipa.

Kuhusu kuliendesha kwa sasa: safari fupi za barabara wazi, maji yakiwa yamejazwa asubuhi injini ikiwa baridi, zinavumilika mpaka umfikie fundi mwenye vifaa. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi na ufungue hita mpaka mwisho na feni yake. Utapata jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na huondoa joto kweli. Usipoona nafuu ndani ya dakika moja hivi, simama na uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuubana mpira wa juu kwa mkono bila kuungua na bila kuhisi mgandamizo ndani yake. Maji yale hugeuka mvuke papo hapo na huunguza uso. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto pia, kwani hedi inaweza kupasuka. Na usiuamini mshale ulioshuka ghafla wakati mvuke unatoka: maji yakishuka chini ya sensa, sensa hupima hewa na kuonyesha ubaridi usiokuwepo.

Kuna hali ambazo hazisubiri. Oili ikigeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti, taa ya oili ikiwaka, injini ikigonga, au ikikataa kuzunguka ukiwasha asubuhi kana kwamba imeshikwa, usijaribu tena. Hiyo ya mwisho huenda ni maji yaliyojaa kwenye silinda, na kulazimisha stata hupindisha fimbo ya pistoni. Gari livutwe mpaka gereji.

Ukimaliza matengenezo, usirudi kwenye maji ya bomba. Tumia kulanti ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke kama si ile iliyokwisha kuchanganywa, na usiichague kwa rangi, kwa kuwa watengenezaji hawafuati rangi moja. Weka mabaki mbali na watoto na wanyama. Ni tamu na ni sumu. Jaza polepole pua ya gari ikiwa imeinuliwa, hita ikiwa wazi, injini ikinguruma bila kifuniko mpaka mapovu yakome na mpira wa chini upate moto. Kesho yake asubuhi angalia alama uliyochora kwenye tangi, ongeza kinachopungua, na uendelee kuangalia kwa wiki moja. Usawa ukiendelea kushuka baada ya hewa yote kutoka, mrudie fundi mwenye pampu ya mgandamizo kabla ya safari yoyote ndefu.